Kumlinda Mtoto Kanisani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi, Walimu na Viongozi

Kila ninapokaa na walimu wa shule ya Jumapili kuzungumzia usalama wa watoto, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajasema: "Huku kwetu hayo hayapo. Mchungaji wetu tunamfahamu." Sibishani naye. Namwuliza tu: akihamishwa kesho mkaletewa mwingine msiyemfahamu, ni kanuni gani iliyoandikwa itakayomzuia mgeni huyo kujifungia ofisini na mtoto? Hapo watu hutazamana. Watoto wao wamekuwa salama, kama kweli wamekuwa salama, kwa bahati ya kupata mtumishi mwema.

Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani uzito. Nyingine ni kazi ya alasiri moja na fundi seremala. Nyingine zitakugharimu marafiki.

Kwanza tuelewane: jambo lenyewe ni lipi

Watu wengi wakisikia unyanyasaji wa kingono hufikiria kubaka na kulawiti tu. Kumshika mtoto sehemu za siri, kumfanya amshike mtu mzima, kumwonyesha video za ngono, kumpiga picha za utupu, kumwandikia ujumbe wa kimapenzi, kumchungulia akioga: yote yamo. Kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Kanisa Katoliki limetumia umri huo katika sheria zake za makosa haya tangu 2001. Kwa hiyo katika kanuni za kanisa neno "alikubali" lisipewe kiti. Binti wa miaka 15 anayesemekana "alimpenda mwalimu wa kwaya" ni mtoto, na mwalimu wa kwaya alilijua hilo.

Uovu huu hupata uzito wa pekee ukitendwa na mtumishi wa dini, kwa sababu mtoto anakabiliwa na mamlaka tatu kwa mpigo: ya mtu mzima, ya cheo, na ya Mungu. Mtoto wa Kikatoliki amefundishwa kumwita padre "Baba". Mtoto wa makanisa ya kiroho husikia kila juma kwamba mchungaji ni mpakwa mafuta, na anayemnung'unikia anajitafutia laana. Mkono huo huo unaombariki ukimgusa vibaya, atamshtakia nani? Wazazi wake wanampigia magoti mtu huyo. Mungu naye, kwa akili ya kitoto, yuko upande wa huyo mtu. Ndiyo maana manusura wengi hupoteza zaidi ya utoto. Sala yenyewe huwashinda, kwa kuwa wakifumba macho wanaisikia sauti ile ile.

Tulichojifunza kwa gharama kubwa

Mwaka 2002 gazeti la The Boston Globe nchini Marekani lilifichua kwamba padre John Geoghan, aliyelalamikiwa na watu zaidi ya 130, alikuwa akihamishwa parokia hadi parokia huku wakubwa wake wakijua habari zake. Kardinali Bernard Law alijiuzulu uaskofu mkuu wa jimbo la Boston Desemba mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye, utafiti wa John Jay College ulioombwa na maaskofu wa Marekani wenyewe ulihesabu mapadre na mashemasi 4,392 waliotuhumiwa kati ya 1950 na 2002, takriban asilimia 4 ya waliohudumu kipindi hicho, na watu 10,667 waliosema walidhulumiwa. Nchini Ufaransa, tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wapatao 216,000 walidhulumiwa na mapadre na watawa tangu 1950. Wakiongezwa waliodhulumiwa na walei wenye kazi kanisani, idadi ilifika 330,000.

Mprotestanti anayesoma hapa asianze kupumua. Mwaka 2022 uchunguzi wa kampuni ya Guidepost kuhusu umoja wa Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani ulionyesha kwamba ofisi kuu ilitunza kimya kimya orodha ya watuhumiwa yenye majina zaidi ya 700, huku ikiwaambia waathirika kwamba haina uwezo wa kufanya kitu. Nchini Uingereza, mwanasheria John Smyth aliwatesa wavulana waliopatikana kupitia kambi za Kikristo. Viongozi wa kambi hizo waliandika ripoti ya siri mwaka 1982 na hawakwenda polisi. Smyth akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, kisha akahamia Afrika Kusini, akafa 2018 bila kutiwa hatiani. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu Novemba 2024 kwa sababu ya suala hilo.

Smyth hakuwa padre, na alikuwa na mke na watoto. Wachungaji wa Kibaptisti nao huoa. Kwa hiyo anayesema "tatizo ni useja" amekamata kipande tu cha ukweli. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi kuanzia 2013 hadi 2017, ilisema useja wa lazima si chanzo cha moja kwa moja, ingawa ukikutana na mambo mengine unachangia. Nikizitazama kesi hizi zote, ninachokiona kikijirudia ni mtu asiyeulizwa, mahali pasipoonekana, na wakubwa wanaoogopa aibu kuliko wanavyoogopa madhara. Hayo matatu ndiyo tutakayoyashughulikia.

Tume hiyo ya Australia ilibaini pia kwamba manusura waliozungumza nayo walichukua, kwa wastani, karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu yeyote. Usitegemee, basi, kwamba "kungekuwa na jambo tungeshasikia".

Hatua ya 1: Jua mtego unavyotegwa

Mnyanyasaji wa kanisani mara chache humkamata mtoto kwa nguvu siku ya kwanza. Anamlainisha, na kabla ya mtoto huwalainisha wazazi. Ndiye anayekumbuka siku ya kuzaliwa, anayelipa ada iliyokwama, anayejitolea kumrudisha mtoto nyumbani baada ya mazoezi ya kwaya. Mara nyingi humlenga mtoto aliyefiwa, anayelelewa na bibi, ambaye baba yake hayupo, au anayesifika kwa utiifu. Mama mwenye shida humshukuru Mungu kwa msaada huo, na mimi simlaumu.

Kisha humtenga. Mtoto anapewa cheo kidogo: kubeba vyombo vya ibada, kutunza ufunguo wa sakristia (chumba cha mavazi na vyombo vya ibada), kubaki nyuma kuhesabu vitabu. Huko pembeni huanza siri ndogo ndogo zisizo na ubaya kwa nje, kama soda ambayo wenzake hawakupewa au filamu ambayo mama asingeiruhusu. Siri ndogo ni mazoezi ya siri kubwa. Mguso nao huanza kama bahati mbaya, kama mchezo wa kutekenyana, au kama maombi ya kuwekewa mikono mahali ambapo mikono haina kazi. Mwishoni ni kufuli: "Wakijua, mimi nitafungwa na wewe utalaaniwa." Au, "Ni wewe uliyenishawishi."

Unachotafuta ni mwenendo, si sura ya mtu. Mtu mzima anayetafuta kila mara kuwa peke yake na mtoto mmoja. Anayetoa zawadi bila wazazi kujua. Anayekasirika akikumbushwa kanuni. Anayewaandikia watoto usiku. Anayesema kanuni hizo ni za wengine. Moja tu kati ya hayo halimfanyi mtu kuwa mhalifu, lakini linatosha kumwita kando na kumwambia aache, na kuandika kwamba ameambiwa.

Kwa upande wa mtoto, dalili ni nyingi na nyingine zina sababu tofauti kabisa: kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, kushtuka akiguswa, kujua mambo ya ngono yaliyozidi umri wake, kuwa na pesa au simu isiyoelezeka, maumivu ya sehemu za siri, kujikata, kushuka ghafla darasani. Ile inayopuuzwa zaidi kanisani ni mtoto aliyependa utumishi wa altare au kwaya kuanza kutafuta kisingizio kila wiki. Wazazi humchapa wakidhani ni uvivu wa kiroho. Kabla ya kiboko, kaa naye.

Hatua ya 2: Chuja kila anayegusa huduma ya watoto

Makanisa mengi hupata walimu wa watoto kwa kuuliza mbele ya mimbari nani anajitolea. Aliyenyoosha mkono Jumapili hii, Jumapili ijayo ana darasa. Badilisheni hilo. Kila mtu, awe wa kulipwa au wa kujitolea, ajaze fomu inayoonyesha alikohudumu awali na sababu ya kuondoka. Atoe majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake. Afanyiwe mahojiano na watu wawili. Alete uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu, panapowezekana. Awe pia ameabudu nanyi angalau miezi 6 kabla ya kukabidhiwa watoto. Muda huo huwachosha wenye haraka.

Wadhamini wapigiwe simu kweli. Barua ya utambulisho kutoka kanisa la awali haitoshi, kwani Geoghan na wenzake walihamishwa kwa baraka zote za ofisi. Uliza kwa maneno yasiyo na mlango wa pembeni: "Je, umewahi kusikia lalamiko lolote kuhusu mtu huyu na watoto? Ungemwachia mwanao?" Sikiliza majibu, na usikilize ukimya pia. Kumbuka vilevile kwamba cheti safi cha polisi maana yake hajatiwa hatiani tu.

Hapa ndipo marafiki huanza kupungua: mchujo uanze na aliye juu. Padre, mchungaji, mtume, nabii, mzee wa kanisa, mhubiri mgeni wa mkutano wa injili, wote. Mkisema "mchungaji hawezi kujazishwa fomu, ni kumdharau", mmekwisha kutoboa tundu kwenye ukuta, na limetoboka pale pale mwenye mamlaka kubwa kuliko wote anapopita. Mchungaji mwenye busara hujaza ya kwanza na kuibandika nakala ukutani.

Hatua ya 3: Andikeni kanuni za mwenendo, fupi, zenye meno

Kurasa 40 zilizonakiliwa kutoka makao makuu hazisomwi na mtu. Ukurasa mmoja unaosainiwa kila mwaka unasomwa. Usikose mambo haya:

- Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Watu wazima wawili wasio na undugu wala ndoa kati yao, kila darasa, kila safari, kila mazoezi.
- Maombezi, ushauri na maungamo ya mtoto hufanyika anapoonekana na wengine hata kama hasikiki. Maombi ya faragha ya "kufunguliwa", ya usiku au nyumbani kwa mtumishi, marufuku.
- Mguso uwe wa hadharani, mfupi, na kwa haja ya mtoto. Mtoto akijivuta nyuma, mkono unarudi.
- Hakuna zawadi kwa mtoto mmoja bila mzazi kujua. Msaada wa ada na sare upitie kamati.
- Hakuna kumsafirisha mtoto peke yake kwenye gari au pikipiki.
- Hakuna fimbo, na hakuna adhabu ya kumvua mtoto nguo au kumfungia.
- Hakuna siri kati ya mtu mzima na mtoto, hata ya pipi.

Kambi na mikesha inahitaji sura yake. Wavulana na wasichana walale mbali, wasimamizi wasilale kitanda kimoja wala mkeka mmoja na mtoto, na zamu ya usiku iwe ya watu wawili wanaotembea na tochi. Pia watoto wakubwa wasichanganywe na wadogo kulala, kwa maana si kila anayemdhuru mtoto ni mtu mzima. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi na iseme mtoto anarudi na nani.

Simu imekuwa sakristia mpya. Mawasiliano na watoto yapitie kundi ambalo wazazi wamo, si ujumbe wa mtu na mtu. Mtumishi anayeandikiwa na mtoto faragha ajibu kwa kumwingiza mzazi au kiongozi wa pili, na asifute kitu. Jumbe zinazojifuta zenyewe zipigwe marufuku kabisa. Picha za watoto kwenye kurasa za kanisa zisiambatane na jina kamili wala shule anayosoma.

Watumishi waaminifu hulalamika kwamba kanuni hizi zinawafanya waonekane washukiwa. Nawaelewa. Lakini siku mtumishi asiye na hatia anapotuhumiwa, kinachomwokoa ni kuwa na shahidi wa kila dakika aliyokaa na watoto.

Hatua ya 4: Tembea kwenye majengo ukiwa na kalamu

Hii ni ile alasiri moja. Anzia lango hadi choo cha mwisho. Kila chumba ambacho watoto huingia kiwe na dirisha au kioo mlangoni, ofisi ya mchungaji ikiwemo. Komeo la ndani litolewe kwenye madarasa. Stoo, mnara wa kengele na chumba cha vyombo vya muziki vifungwe visipotumika, na funguo ziwe na daftari la kusaini. Vyoo vya watoto vitenganishwe na vya watu wazima. Ikishindikana, wawekewe saa zao na msimamizi asimame nje. Taa ziwekwe kwenye njia ya kutokea mkeshani. Mwone fundi wiki hiyo hiyo, maana kikao kijacho kitakuwa na ajenda ya harambee.

Hatua ya 5: Mpe mtoto maneno

Mtoto asiyejua jina la sehemu yake ya siri hawezi kueleza kilichotokea. Tuna aibu na maneno hayo, na aibu hiyo humfaa mnyanyasaji. Wadogo wafundishwe majina ya mwili yanayoeleweka, na kwamba mwili ni wao. Wafundishwe kuwa siri nzuri ni ile ya kumshtukiza mama na zawadi, ambayo mwisho wake wote wanajua. Siri ya kutisha haitunzwi. Wafundishwe kwamba hata padre, hata mchungaji, hata malaika akija na kusema "usimwambie mama", mama aambiwe.

Mruhusu pia akatae kukumbatiwa. Mtoto anayelazimishwa kila Jumapili kumkumbatia mzee fulani kwa heshima anajifunza kwamba hapana yake haina thamani mbele ya wakubwa. Anaweza kuamkia kwa mkono au kwa mdomo, na heshima ikabaki pale pale.

Usimwachie mtoto mzigo wa kujilinda, lakini. Mafunzo yanamsaidia kusema mapema. Kumzuia mtu mzima ni kazi ya watu wazima.

Hatua ya 6: Siku mtoto anaposema

Hatua hii isome mara mbili, kwa sababu hutapata muda wa kuisoma siku yenyewe.

Mtoto hatakuja na maelezo yaliyopangika. Atasema, "Sipendi kwenda kwa Baba," halafu anyamaze akutazame uso. Anakupima. Ukishtuka, ukapiga kelele, ukasema "Mungu wangu, haiwezekani!", anafunga, na huenda asifungue tena kwa miaka. Kaa chini, uwe usawa wa macho yake. Mwambie: "Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako." Uliza maswali ya wazi tu: "Kisha ikawaje?" Usimuulize "Alikushika hapa, sivyo?" kwani swali la kumlisha jibu litakuja kuharibu ushahidi mahakamani. Ukishajua kwamba kuna madhara na nani katajwa, acha kuuliza. Mahojiano ni kazi ya waliofunzwa, na mtoto asirudie simulizi hiyo mbele ya wazee 7 wa kanisa.

Usimwahidi kutunza siri. Mwambie ukweli: "Hili nitawaambia watu wanaoweza kukusaidia, nitakueleza ni nani."

Akitoka tu, andika. Maneno yake yenyewe, kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto au machafu. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Usiongeze maoni yako. Saini.

Ikiwa tendo limetokea siku chache zilizopita, hospitali hutangulia mambo yote. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Ikiwezekana mtoto asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa kitambaa safi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Hata kama saa 72 zimepita, mpeleke.

Siku hiyo hiyo ripoti kwa polisi au ofisi ya ustawi wa jamii inayohusika na watoto. Huhitaji uhakika wala mashahidi. Unahitaji sababu ya msingi ya kuwa na hofu. Kiongozi wa kanisa aarifiwe baada ya hapo, isipokuwa kama yeye ndiye aliyetajwa au ni mtu wake wa karibu, basi panda ngazi ya juu yake. Usimwendee mtuhumiwa "kumsikia na yeye". Utakuwa umempa usiku mzima wa kufuta simu, kumtisha mtoto na kuinunua familia.

Kuhusu maungamo: padre Mkatoliki hawezi kuvunja siri ya kitubio. Anaweza, hata hivyo, kumwambia mtoto kwamba hana kosa, na kumwomba amweleze tena jambo hilo nje ya kitubio, au waende pamoja kwa mtu mzima anayemwamini. Nje ya kitubio hana kisingizio. Hati ya Papa Fransisko ya Mei 2019, Vos estis lux mundi, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2023, inawalazimu mapadre na watawa kuripoti kwa mkuu wa kanisa mara moja, inakataza kumwekea aliyeripoti sharti la kunyamaza, na haiondoi wajibu wowote uliomo katika sheria za nchi. Desemba 2019 Papa aliondoa pia siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa ofisi za Vatikani, katika kesi hizi. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba sheria ya Kanisa inakukataza kwenda polisi, anakudanganya au hajasoma.

Hatua ya 7: Jiandae kwa mistari ya Biblia

Ndani ya wiki moja utaisikia yote. Zaburi 105:15, ya kutowagusa wapakwa mafuta: soma sura nzima, inazungumzia wafalme wasiwadhuru Ibrahimu na uzao wake waliokuwa wageni wanyonge, hivyo aliyelindwa pale ni mnyonge. Mathayo 18:15, ya kumwendea ndugu faraghani: ni ya ndugu na ndugu waliokoseana, wala haimwagizi mtoto akamkabili aliyemdhulumu, na sura hiyo hiyo, mistari michache juu, inamtungikia jiwe la kusagia shingoni amkosezaye mmoja wa wadogo hawa. Timotheo wa Kwanza 5:19, mashahidi wawili au watatu: msomee na mstari wa 20, unaotaka wakosao wakemewe mbele ya wote. Isitoshe, mashahidi ni pamoja na daktari, ujumbe wa simu na mtoto wa pili.

Kisha watakuja na msamaha. Msamaha ni wa aliyeumizwa, kwa wakati wake, akitaka. Kanisa halina ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake na kumrudisha mtu darasani. Mtu aliyetubu kweli hataomba apewe tena watoto.

Watakuja pia na bahasha: wazee wa pande mbili, fidia kidogo, barua ya kusuluhishana. Mzazi, usisaini. Jinai haimalizwi sebuleni, na hela hiyo humfundisha mtoto bei yake.

Hatua ya 8: Kanisa lenyewe lifanye nini

Mtuhumiwa asimamishwe kazi zote zinazomkutanisha na watoto siku ile ile, bila kusubiri kesi. Kusimamishwa si hukumu, na tangazo liseme hivyo. Asihamishwe, asipelekwe masomoni, asiagwe kwa keki. Mafaili, daftari za funguo na simu za ofisi zitunzwe kama zilivyo. Kanisa lisifanye uchunguzi wake kabla ya polisi, kwani litawavuruga.

Waumini waambiwe mapema, kwa maneno machache: kuna lalamiko, limeripotiwa, mtumishi amesimama pembeni, mwenye taarifa apeleke kwa mamlaka fulani. Mtoto asitajwe, wala asielezwe kwa namna ya kumtambulisha. Tangazo la namna hiyo ndilo mara nyingi humpa mtoto wa pili nguvu ya kusema.

Familia ipewe mtu mmoja wa kuwasiliana nayo, asiye upande wa mtuhumiwa. Ilipiwe ushauri nasaha kwa mtaalamu wa nje wanayemchagua wenyewe. Mketi nao benchi moja, pia. Nimeona familia ikihama kanisa kwa sababu tu hakuna aliyekaa karibu nao tena, na hilo halikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Mtu mzima akija kueleza lililompata miaka 30 iliyopita, usimwulize kwa nini hakusema. Alisema sasa. Huenda aliyemdhulumu bado ana watoto mikononi, na katika nchi nyingi makosa haya bado hushtakiwa baada ya miaka mingi. Mwelekeze kwa mwanasheria na mshauri, na maamuzi ya kuripoti lake yawe yake, isipokuwa pale watoto wengine wako hatarini leo.

Hatua ya 9: Rudi kwa watoto kila mwaka

Kanuni huchakaa. Kila mwaka rudieni mafunzo, saini, na ukaguzi wa majengo. Halafu fanyeni jambo moja ambalo kamati nyingi hazilifikirii: wagawieni watoto karatasi na kalamu za rangi, wachore ramani ya eneo la kanisa wanavyolijua wao. Wapake kijani mahali wanapopenda kukaa, na nyekundu mahali wasipopenda kwenda. Msiwaulize kwa nini mbele ya wenzao. Kusanyeni karatasi, zitandazeni mezani, mtazame nyekundu zinapoangukia mahali pamoja. Inaweza kuwa mbwa wa jirani. Inaweza kuwa ngazi yenye giza. Jumatatu asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, nendeni pale kwa miguu yenu, na ulizeni ni nani mwenye ufunguo.